Kemunto Bado Amefungwa Mtini

Sironga, Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Tata,

Sijui nikusalimie vipi. Miaka yote hii salamu zangu zilikufikia kupitia dirisha, mimi ndani, wewe nje chini ya paa ukiegemea mkongojo wako, kama inavyopasa kati ya mzee na mke wa mwanawe. Sasa nimeketi kwenye meza ile ile. Kigoda chako kiko pale pale nje, karibu na mlango, na kila nikisikia kitu kinakwaruza ninainua kichwa. Ni kuku tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kazi yetu tuliifanya kwa Kiswahili. Mambo ya nyumbani tuliyasema kwa Kigusii, tena mara nyingi kupitia kwa Mama, mkeo, lakini katika hadithi zetu za picha Moseti na Kemunto na lile zimwi la milima ya Manga walizungumza Kiswahili, na ulipokuwa na neno la kazi hata wewe ulibadilisha lugha ukiwa bado uko uani.

Tata, niko taabuni. Keshokutwa, Ijumaa, lazima nipeleke kurasa za mwisho mjini Kisii. Ni kurasa nane. Sita ulizimaliza kwa wino. Mbili uliziacha kwa penseli, na ile ya mwisho kabisa ndiyo inayonikosesha raha. Mhariri anataka harusi. Mimi sitaki harusi. Wewe sijui ulitaka nini, maana uliondoka hujaniambia, na aliyekuzuia kuniambia ni mimi. Nitafika hapo. Acha kwanza nikupe habari za nyumbani.

Mama amekuwa mkimya. Anakaa kwenye kiti chako cha kukunja na kuchambulia mboga hapo hapo, jambo ambalo ungekuwa hai angethubutu wapi! Pareto ya ng'ambo ya kijito imechanua yote kwa pamoja na mikono ya kuchuma haitoshi. Onchari alirudi kiwandani kwenye majani chai wiki moja baada ya kukuzika. Mwanao haandiki barua ndefu, unamjua, lakini kila barua anauliza kama kaburi limefanya nyufa. Bado halijafanya. Binti yangu Bosibori kikohozi kimemwachia. Anakula, anakwenda shule, anarudi, anakaa jikoni. Kucheza ndiko hachezi.

Ah, huyo Bosibori. Ningependa niandike barua hii bila kumtaja, lakini haiwezekani.

Ngoja nianzie mbali. Wewe ulikuwa mchora mbao za maduka pale mjini mpaka mguu ulipokukatalia kupanda ngazi. Ukarudi nyumbani, ukaanza kuchora hadithi za Moseti kwa ajili ya kile kijarida cha wavulana, na kila mwezi kijarida kikauzwa mjini, kikauzwa Mosocho, kikaingia shuleni kimefichwa ndani ya madaftari. Mimi uliniingiza kwenye kazi kwa sababu baba yangu alikuwa dereva wa ofisi, tukakulia kwenye nyumba za wafanyakazi pamoja na watu wa kila kabila, basi Kiswahili nilikuwa nacho. Chako ulisema kinachechemea kama mguu wako.

Utaratibu wetu ninauona hata sasa. Unachora, unaandika maneno kwa penseli ndani ya yale mayai yanayotoka midomoni mwa watu. Mayai, ndivyo ulivyoyaita, na mimi nimeshindwa kuyaita vingine. Unaweka karatasi juu ya kigoda, unakohoa mara moja, unarudi nyuma hatua tatu. Natoka nazichukua. Nanyoosha Kiswahili, naandika kwa wino, halafu nakusomea kwa sauti nikiwa ndani nawe ukisikiliza ukiwa nje. Yakikupendeza unasema, "Mbuya mono." Yasipokupendeza mkongojo unagonga chini. Hukuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanao, nami sikuwahi kuingia chumba chako cha kazi. Dada zangu wa mjini wanacheka wakisikia. Wacheke. Mimi sijawahi kufanya kazi na mtu tukaelewana vile.

Sasa, Kemunto.

Unakumbuka toleo la kwanza? Mimi ninalo hapa mbele yangu, limelainika kama kitambaa. Aliyempiga zimwi mshale wa jicho hakuwa Moseti. Alikuwa Kemunto! Moseti alikuwa ameanguka kwenye matope, na msichana akasimama juu ya jiwe, miguu imepanuka, nywele zimetimka, akavuta upinde. Siku ile nilikusomea mpaka nikapaliwa. Ulicheka huko nje, nikakusikia ukimwambia mbwa, "Umeona huyu binti?"

Halafu zikaja barua za wavulana. Huyu msichana ni wa nini? Mbona anamzidi Moseti? Mhariri naye akakuita mjini, ukarudi umekunja uso, ukaniwekea karatasi kwenye kigoda bila kukohoa. Katika toleo la tatu upinde umevunjika. Hakuna aliyeuvunja, umevunjika tu. La nne Kemunto amebeba kikapu cha chakula. La tano anamfunga Moseti vidonda kwa majani. Moseti akapata mwalimu wa mkuki, akapata mwalimu wa mieleka, akapata na yule mzee kipofu wa kumfundisha kusikia nyayo za adui. Kemunto nani alimfundisha kitu? Hata mbuzi wa Moseti, Tata, hata mbuzi alipata ukurasa mzima wa kuota ndoto!

Nilikaa juzi nikayapanga matoleo yote mezani nikapima kwa kidole. La kwanza Kemunto na Moseti wako sawa kwa urefu. La kumi na mbili anamfikia begani. Hili la mwisho ulilokuwa ukilichora, anamfikia kiwiko. Sidhani ulifanya makusudi. Nafikiri mkono wako ulimpunguza kidogo kidogo na wewe mwenyewe hukuona, na mimi niliyekuwa nikikaa na hizo karatasi siku nzima sikuona pia. Maneno yake nilikuwa nikiyaandika haraka haraka kuliko ya wote, kwa sababu yalikuwa yale yale. "Moseti! Niokoe!" Niliyapamba hata na vimanyoya vya herufi. Nilijivunia.

Siku moja nilikuuliza, kwa adabu, kama hawezi kurudishiwa upinde. Ukasema, "Nikimpa mshale, Moseti atafanya nini?" Nikarudi kwenye wino wangu.

Na sasa nakuungamia jambo unalolijua, lakini sijawahi kulisema kwa kinywa changu. Ile asubuhi uliyokwama, uliyokuja mara tatu mlangoni ukasema huyu msichana ananisumbua, wanaume wanakwenda vitani na sijui nimweke wapi, mimi nilikuwa na uji jikoni unafurika. Nikasema kutoka ndani, bila hata kugeuka, "Mfunge mtini tu, Tata. Zimwi limfunge, Moseti aje kumfungua. Itatosha."

Ukasema, "Mbuya mono."

Ni mimi. Tangu hapo kila toleo Kemunto amefungwa mtini.

Watoto wa boma wakaanza kuicheza hadithi hiyo. Wavulana wa shemeji zangu wanne, na Bosibori peke yake msichana, miaka tisa. Mmoja Moseti, mmoja zimwi, mmoja askari, hata yule mdogo asiyejua kufunga vifungo alipewa cheo cha mbuzi. Bosibori wakamfunga kwenye mkaratusi kule chini, karibu na kijito. Wakaenda vitani. Vita vikawapeleka mpaka kwa jirani, kwa jirani wakakuta miwa, wakasahau.

Mvua ya mawe ikaja. Unaijua ile yetu ya alasiri, haibishi hodi. Mimi nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikiuza ndizi, niko chini ya turubai la watu, najisemea watoto wamo ndani na bibi yao. Mama akadhani Bosibori yuko kwa wenzake. Wenzake wakadhani amekwenda nyumbani. Aliyeuliza ni wewe. Wewe mwenye mguu mmoja mzima ndiye uliyeshuka ule mteremko kwenye utelezi, mkongojo ukizama, ukamkuta mtoto amesimama wima na mgongo kwenye mti, mawe yamemchubua paji la uso, midomo imekuwa ya kijivu, kimya kabisa.

Nilimkuta jikoni amefunikwa koti lako. Kitu cha kwanza nilichouliza ni nani alimfunga, na kwa kamba gani. Mama akanionyesha. Kamba ya mgomba, Tata! Tena iliyokauka. Mtoto yeyote angeivuta mara moja ingekatika. Nikamwambia Bosibori, wee mtoto, mbona hukujitoa? Mbona hukupiga hata kelele? Akanitazama kama mimi ndiye sielewi. Akasema, "Kemunto hajifungui. Anangoja."

Tulimpeleka zahanati ya Nyamira, akachomwa sindano, akakohoa wiki tatu. Siku alipopona nikamwambia toka, nenda ukacheze na wenzako. Akaniuliza, "Nikacheze niwe nani?" Nikaingia chumbani nikalia, nakwambia ukweli.

Wewe ulikuja siku mbili baada ya ile mvua. Nilisikia mkongojo, nikasikia kikohozi, lakini karatasi hazikuwapo kwenye kigoda. Ulisimama. Nikasikia pumzi yako, ulikuwa tayari umeshikwa na kifua ingawa hukusema. Ukaniuliza, kwa Kiswahili, "Moraa, nimekosea wapi?"

Tata, hilo ndilo swali ambalo baba mkwe hamuulizi mke wa mwanawe. Nilijua limekugharimu. Na mimi nilikuwa na jibu limejaa mdomoni: hukukosea wewe peke yako, tumekosea sote, na kumfunga mtini ni wazo langu, na naomba umrudishie upinde. Lakini nitamwambiaje mzee amekosea? Nikasema, "Hapana, Tata. Ni mchezo wa watoto tu."

Halafu mkongojo ukaondoka polepole. Hukuja tena mlangoni pangu. Siku kumi na nane tu, na kifua kikakumaliza.

Nafikiria hilo nikichuma pareto, nafikiria nikisuka nywele za mtoto. Kama ningefungua mdomo! Uliomba kuambiwa, mimi nikakufungia mlango kwa adabu.

Baada ya mazishi Mama aliniletea kurasa zako zimefungwa kwenye leso. Aliniwekea juu ya kigoda na kurudi hatua tatu, kama wewe. Nikazifungua hapa mezani. Sita za wino, sawa. Ya saba penseli, Moseti anakimbia kupanda mlima, na ndani ya yai lake umeandika "Nakuja Kemunto," Kiswahili chako kile kile. Zimwi lina maneno yake. Hata askari mmoja ana maneno. Ya nane, mti upo. Kemunto umemweka alama tu, duara la kichwa na mistari ya mwili, uso hauna. Kamba hukuichora. Na yai lake, Tata, umelichora vizuri, kubwa kuliko yote uliyowahi kumpa, na ndani hukuandika hata herufi moja.

Miaka sita hukuwahi kuniachia yai tupu.

Sasa nifahamu vipi? Labda nguvu zilikwisha. Labda ungeandika "Moseti! Niokoe!" kesho yake, na kesho hiyo haikufika. Au labda uliniachia mimi, ukasema huyu binti alikataa kunijibu kwa mdomo, basi anijibu hapa. Nageuza karatasi, naichungulia kwenye mwanga wa dirisha kama kuna mahali ulipofuta. Hakuna. Nikiamua uliniachia, nitakuwa najidanganya kwa kupenda kwangu? Nikiamua hukuniachia, nitamfunga mtoto mtini mara nyingine kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimechora. Nimeshaanza kukuambia, acha nimalize. Jana, Mama akiwa shambani, nilichukua kalamu yako ya kuchovya nikachora. Mimi si mchoraji, unajua kazi yangu ni herufi. Mkono wa kushoto wa Kemunto umetoka mnene, na mti umeinama upande. Lakini nimempima kwa kidole na anafika sawa na Moseti. Halafu nikaogopa, nikaificha karatasi chini ya godoro. Nimeitoa, nimeirudisha. Mhariri akiikataa, kijarida kitamtafuta mchoraji mwingine, na jina lako litaishia kwa hadithi iliyoharibiwa na mke wa mwanao. Wavulana waliahidiwa harusi toleo lililopita, kwa maandishi, na maandishi ni yangu. Onchari atasemaje? Watu watasema mzee hajaoza na huyu mwanamke ameshamsahihisha.

Ningependa ugonge mkongojo. Mara moja tu, nijue ni hapana.

Watoto wanatoka shule. Naacha hapa.

Ijumaa, jioni

Tata, nimerudi. Miguu ina vumbi bado na sijaonja hata chai.

Jana sikukuandikia kwa sababu ya jambo moja. Bosibori aliiona karatasi. Nilikuwa nimejaza maneno ndani ya yai na kuiweka mezani wino ukauke, akaingia na daftari lake, akasimama. Kijarida hakukigusa tangu ile mvua. Alitazama mpaka nikataka kuiondoa. Akauliza, "Nani amemfungua?" Nikamwambia amejifungua mwenyewe. Akainama akaitazama ile kamba niliyoichora chini kwenye nyasi, akaitazama sana.

"Kumbe ilikuwa ya mgomba," akasema.

Basi. Nikajua nitaipeleka.

Leo asubuhi nikaenda. Mhariri alizisoma amesimama, mashine yao inamngojea, mikono imejaa wino. Kurasa sita anatabasamu. Ya saba anatabasamu. Ya nane akakunja uso, akaigeuza kuona kama kuna nyingine nyuma. Akauliza, "Mzee ndiye aliyechora hivi?"

Hapo, Tata, nilikuwa nimeshapanga kusema ndiyo. Njia nzima nilijiambia nitasema ndiyo, jina lako litanifunika, nani atajua? Nikafungua mdomo nikajisikia nikisema, "Sita ni zake, na ya saba ni penseli yake na wino wangu. Hii ya nane ni yangu." Sauti ilitoka nyembamba, nikaona haya.

Akasema wavulana watairudisha. Akasema harusi iko wapi, tumewaahidi harusi. Akanipa karatasi safi, nikae pale pale kwenye benchi nichore harusi, hata ndogo. Nikamwambia hapana. Akaniambia mama, huna adabu. Nikamwambia adabu ninayo, ndiyo iliyonichelewesha. Sijui nilitoa wapi maneno hayo.

Mashine ikamwita. Akaitazama saa, akaitazama karatasi, akasonya. Akasema, "Basi andika jina lako hapo chini, lawama isije ikaniangukia mimi." Akanipa kalamu.

Nikaandika. Jina lako juu, langu chini yake, herufi ndogo, na ile "a" ya mwisho imepinda, kila mtu ataona. Miaka sita nimeandika majina ya wote, hata ya mbuzi, langu sikuwahi kuliandika.

Sijui kama wavulana watanunua. Bado naogopa, nisikudanganye. Labda Jumatatu ataniita kuniambia kazi imekwisha. Lakini imechapwa, nimeisikia mashine ikizunguka, na amenipa nakala moja. Iko hapa mezani, wino bado unanuka.

Nenda salama, Tata. Lala mahali pasipo na mteremko. Neno nililokunyima pale mlangoni liko kwenye ukurasa wa nane, limechelewa, unisamehe. Na mtu mwingine akiniuliza tena amekosea wapi, mzee au kijana, nakuahidi nitamjibu.

Nimekifuta vumbi kigoda. Ndani sitakukaribisha hata leo, heshima ni heshima, lakini dirisha nimelifungua lote, na kabla ya uji wa jioni nitakusomea toleo hili kutoka mwanzo kama tulivyozoea. Moseti nitamsoma mimi, na zimwi, na askari. Ukisikia mahali Kemunto anaposema, "Umechelewa, Moseti. Shika mkuki, tuna kazi," usishangae sauti. Hiyo si yangu. Bosibori ameomba aisome yeye, na ameshasimama juu ya kiti.

Mke wa mwanao,
Moraa